Kisu ya Vidole Viwili

Bunia, ku Mudzipela

Kwako Yaya yangu Ukumu, mutoto wa kwanza wa mama yetu,

Nakuamkia na mikono mbili, vile tulifundishwa. Magoti yako iko namna gani? Ile kikohozi ya asubuhi ilishaacha kuwika mbele ya jogoo? Shemeji Mama Rosa, bibi yako, iko analala muzuri? Na ziwa, ilirudi nyuma, ao ingali inakula shamba ya mihogo? Ukinijibu kwamba yote iko sawa sitaamini, juu ninakujua: weye, ata nyoka ikiingia mu shati, utasema ni upepo. Kwa hiyo habari ya mikono yako siulize. Mikono nilishaona na macho yangu, na ndiyo ilinikalisha chini leo kuandika.

Siye huku tuko. Mungu anatuchunga na mimi namusaidia kidogo. Binti yangu Bernadette iko muzima, na bwana yake Dieudonné angali anaendesha ile Fuso, anapanda anashuka na mizigo ya batu. Ni yeye atakuletea hii barua na kitu yenye iko pamoja nayo. Usifungue kile kitu mbele ya kumaliza kusoma. Ninajua ulishafungua. Basi irudishe mu kitambaa na usome.

Hii maandiko ni ya mukono yangu. Bernadette alisema: «Papa, sema tu mu telefone, nitamutumia sauti, leo leo atasikia.» Nikamuambia, sauti ya telefone kule kwetu inasikilizwa na nyumba muzima mupaka na kuku, na hii maneno ni ya macho ya kaka yangu peke yake. Tena ni weye ulinifundisha A na B na kijiti ku muchanga ya ziwa. Maji inakuja inafuta, unaandika tena, unanigonga ku kichwa, unaandika tena. Kama herufi zangu zinalala upande, uulize mwalimu.

Kazi ya mipini inaendelea. Sipendi kujisifu, lakini kama mutu anapita wauzaji wote ya soko na jembe ku bega mupaka anafika ku mulango yangu, mimi nifanye nini? Nimufukuze? Batu banasema mipini yangu inazeeka nyuma ya mwenye kuinunua. Chuma inaisha, mupini inabaki inatafuta chuma ingine, kama mujane kijana. Muti tu ndiyo inasumbua. Zamani nilikuwa naenda kujikatia mwenyewe upande wa Nizi. Leo barabara inategemea siku. Kuna asubuhi batu banaenda shambani, na mbele ya saa sita banarudi mbio bila jembe, batoto ku mugongo. Basi nanunua muti kwa bale banabeba ku baiskeli, na bao banajaribu kuniuzia mbichi, banafikiri muzee haone. Mimi sitazame ata. Ninanusa tu, ninasema: rudisha hii ku mama yake, ingali inanyonya.

Bon. Niingie mu maneno.

Nilisikia kwamba bokilo, bakwe zetu ya Mahagi, balishatuma neno, balete mahari ya Neema, mujukuu wako wa kwanza, mavuno ikiisha. Nilifurahi. Kisha nikakumbuka mbuzi, na furaha ikakaa chini.

Weye unajua kuliko mimi, lakini ninaandika ili usiseme muji ilinisahaulisha. Kwetu mbuzi ya mahari, ikishaiva, inakatwa na mukubwa wa nyumba. Anatoa kisu mu mufuko yake mwenyewe. Kisu inaingia kati ya wageni imefungwa, inafunguliwa mbele ya macho yao, ili baone kwamba haikuja kwa ajili yao, ilikuja kwa ajili ya nyama. Na mwenye anafungua ndiye mwenye anakata. Kama mutu mwengine anakufungulia, ulishamupa kiti ya mukubwa. Hauwezi tena kuiomba, mupaka kufa.

Mahari ya binti ya dada yetu, ile ya mwisho, na bokilo bale bale ya Mahagi, mimi nilikuwa nimekaa ku upande yako wa kuume kama siku zote. Niliona vile ulitoa kisu ya baba. Niliona ukucha ya kidole gumba inatafuta kale kamustari ya kufungulia ku chuma, inateleza, inatafuta tena. Kisha ukucha ikavunjika. Ilitoa sauti kama karanga. Binamu yetu Uchaki akanyoosha mukono, na ile sauti yake ya asali: «Leta, Yaya, nikusaidie kidogo tu.»

Mama Rosa alishika sahani kama mutu anashika mutoto mu mvua.

Na weye ukasema nini? Ukarudisha kisu mu mufuko, polepole, ukasema: «Hii mbuzi ingali moto. Kwetu hatukate nyama yenye bado inapumua. Acha nikaone ngombe.» Ngombe gani, Yaya? Ngombe ya mwisho mu nyumba ile baba ndiye aliuzaka. Lakini ulisimama, ukaenda nyuma ya gala, na hakuna mutu alicheka.

Mimi nilikufuata. Sijawahi kukuambia. Nilitaka nikufungulie pale kwa siri, kisha nikachungulia ku kona, nikaona. Ulikuwa umepiga magoti, mupini mu mikono mbili, chuma kati ya meno, kichwa inavuta nyuma kama mutu anatoa jino yake mwenyewe. Nikarudi kuketi. Nyuma ya muda ukatokea na kisu wazi mu mukono na damu ku mudomo wa chini.

Mukubwa wa bokilo aliona kisu wazi, akakohoa. Akasema: «Kwenu huku visu vinazaliwa vimefunguka?»

Ukamujibu bila kukawia: «Vinazaliwa vimefungwa kama vya kwenu. Lakini hii ilisikia udogo wa mbuzi yenye mulileta, ikaamuka yenyewe kuja kuitafuta.»

Batu bakacheka mupaka yule muzee akafuta macho, na weye ukakata. Ulikata sawasawa, kila mutu na sehemu yake, mbavu kwa bajomba, shingo kwa mudogo. Ile shingo nilikula na damu yako juu yake. Yaya, niliona watu hodari mu hii Ituri. Niliona mutu alibeba mama yake ku mugongo kutoka Kpandroma, siku za vita. Lakini bado sijaona mutu mwenye alifungua kisu na meno, kisha akashinda bokilo na kinywa ile ile.

Sasa mara hii itakuwa namna gani? Meno yenyewe ilishapungua. Neno ya mbuzi ndogo haiwezi kusemwa mara mbili. Na Uchaki, ninamupenda, ni damu yetu, lakini yule mutu mukono yake inaamuka mbele ya jua.

Ndiyo vile nilianza kutafuta kisu.

Soko ya Bunia haikose visu. Kuna mama moja anaitwa Mama Zawadi, anauza vitu ya chuma ku meza: misumari, kufuli, misumeno, na visu ya kukunja mu sanduku ya bati. Nilifika pale kama mutu mwenye anajua. Nilichukua moja ya mupini ya pembe, nyeusi na nyeupe, inangaa kama jicho ya samaki. Nikaweka ukucha, ta, ikafunguka. Nikafunga, ta, ikafunguka. Nikasema, kazi imeisha. Niliinunua pale pale, nikarudi nyumbani natembea katikati ya barabara, bamotard, bale ba pikipiki, banapiga honi.

Bernadette aliifungua, akaifunga, akaiweka ku meza. «Ni muzuri, Papa. Lakini hii ulichagulia kidole ya nani?»

«Ya baba yako mukubwa.»

«Baba mukubwa iko na kidole hii?» Akashika gumba yangu.

Nilikasirika. Nilimuambia anyamaze, asifundishe muzee kununua. Kisha sikupata usingizi muzuri, juu alisema kweli. Mimi gumba yangu inafinya musumari. Nilikwenda kuchagulia mugonjwa chakula na tumbo ya mutu muzima.

Asubuhi nikachukua kamba ya mupira, ile bamotard banafungiaka mizigo. Nikakumbuka mukono yako vile iko. Gumba na jirani yake zingali zinasikia amri. Zile tatu zilishakunjika kama kuku akishika muti. Basi zile tatu zangu nikazifunga ku kiganja, nikakaza mupaka zikalala. Ukucha ya gumba nikafunika na kitambaa, juu ile yako ilivunjika. Mukono ya kushoto pia hivyo, Bernadette ndiye alinifunga, anacheka anasema Papa atafungwa kwa polisi kama muizi. Na nikatoka hivyo, mikono yako ku mwili yangu, mupaka soko.

Ni mbali, Yaya. Mimi nilibeba mikono yako asubuhi moja tu. Kifungo ya shati ilifunguka, nikashindwa kuirudisha. Kamasi ilitoka, nikashindwa kutafuta kitambaa mu mufuko. Mama moja alinipa ndizi kwa kunijua tu, ikaanguka. Nikafikiri: huyu kaka yangu anaamuka kila siku na hii kitu, anavaa shati, anaenda ku misa, na tukimuuliza anasema upepo.

Mama Zawadi aliponiona akashika kiuno. «Muzee, jana ulikuwa na mikono. Uliuza?»

Nikamuambia: «Hii ni mikono ya kaka yangu. Nilikuja nayo ili ichague yenyewe.»

«Na ile ya jana?»

«Nataka kuirudisha.»

«Kisu haina talaka, Papa. Ulioa, umeoa.»

Bamotard baliokuwa banangojea bateja pale karibu bakaanza kukaribia. Moja akasema: «Huyu koko, huyu babu, anatafuta kisu, banani balimukosea?» Nikamuambia, weye ndiye wa kwanza ku liste. Bakacheka, bakabaki.

Basi tukajaribu. Ya kwanza ilikuwa ya kifungo: unabonyeza, chuma inaruka nje. Kweli kwa mikono yako ni rahisi. Niligusa tu, ikaruka kama nyoka, Mama Zawadi akavuta tumbo nyuma. Nikasema hapana. Bokilo banakaa chini kwa amani, kaka yangu anabonyeza, bote banapanda muti. Na ku mabariere ya barabara askari akiikuta mu gari ya Dieudonné, tutaeleza mupaka mavuno ingine. Ya pili ilikuwa nyeusi yote, na tundu ku chuma ya kusukuma na gumba. Ilifunguka muzuri, lakini sura yake ni sura ya vita, na vita tulishaona. Ya tatu ilikuwa na vyombo mingi ndani, mukasi, kijiko, kitu ya kufungulia chupa. Nilivuta kisu, ikatoka kijiko. Motard moja akasema: «Koko, hiyo ni ya kukatia supu.»

Nikachukua ya ine, ile ya zamani: mupini ya muti, chuma moja, musumari moja katikati, hakuna maneno mingi. Kisu ya bazee, sawa ya baba lakini nyepesi. Hiyo ndiyo ilinipendeza. Lakini na mikono yako, hapana. Nilipiga, nikasugua, nikaweka ku goti. Jasho ikatoka. Niliona vile meno inakuja mu mawazo ya mutu, Yaya. Inakuja yenyewe.

Mama Zawadi akasema: «Leta.» Na ndipo nilitazama mukono yake ya kuume mara ya kwanza. Mafuta ya kukaanga mandazi iliunguzaka vidole vyake zamani, na kucha mbili hazikurudi tena. Lakini mimi siku mbili nilisimama mbele yake, sikuona, juu kazi yake ilikuwa inafunika. Alichukua ile kisu, hakutafuta kamustari. Alifinya chuma yenyewe na nyama ya vidole viwili, pale kwa ncha, penye mupini ilikuwa imelika kidogo, akavuta. Ikafunguka polepole kama mulango ya kanisa.

«Banaume banafungua kisu na ukucha,» akasema, «kwa kujionyesha. Mutu mwenye hana ukucha anafinya mbavu ya chuma. Shida ni kwamba fundi anaficha mbavu yote ndani ya mupini. Kama mupini ingekuwa imekatwa hapa kidogo, huku na huku, chuma ikatoa mbavu inje, kaka yako angefungua na vidole viwili, ata viwe vya mugonjwa.»

Nikamuambia: «Mama, ulisema mupini?»

«Nilisema mupini.»

Nikainua zile mikono zangu zenye kufungwa mbele ya bamotard bote. «Munajua huyu mwenye anasimama hapa ni nani mu mambo ya mipini?»

Hawakujua. Niliwaeleza. Ilichukua muda.

Nikarudi nyumbani na ile ya muti, na ile ya pembe. Nikaanza na ya pembe, kujaribisha. Nilichora nusu-mwezi ku upande huu na upande ule, nikakata. Pembe ilikuwa mbaya, na musumeno haikuwa yangu, basi nusu-mwezi ikaingia ndani sana, na makali ya kisu ikatokea inje. Niliweka mu mufuko, nikaenda kunywa chai, nikasikia paja inalia. Bernadette alishona suruali. Paja alifunga na kitambaa.

Kwa ile ya pili nikafikiri kwanza. Mupini yake ya duka ilikuwa ya muti mwororo, haina jina. Nikaitoa yote. Sasa sikiliza. Unakumbuka jembe yenye nilitoka nayo nyumbani wakati nilikuja Bunia? Mupini yake ilikuwa ya ule mupera ya nyuma ya nyumba ya baba, ule weye ulianguka kutoka juu yake, ukasema ni mimi nilikusukuma. Ile jembe chuma yake ilikwisha zamani, lakini mupini nililinda juu ya dari. Sikuwahi kujua ninaulindia nini. Nikaushusha, nikakata kipande pale penye mikono yangu ililainisha miaka yote, nikatengeneza nayo mupini ya kisu yako.

Nusu-mwezi nilikata na kisu kidogo, si na musumeno. Nakata kidogo, nafunga mikono, najaribu. Nafungua mikono, nakata kidogo, nafunga tena. Bernadette alichoka kunifunga, akanifundisha kujifunga na meno. Musumari ya katikati niligonga, ikawa ngumu. Nikaregeza, ikawa kama mulango ya baa, chuma inaanguka yenyewe. Kisu yenye inafunguka bure itafunga bure juu ya kidole. Mupaka nilipata pahali pa katikati: inakubali ukiiomba, na ikisha kukubali inasimama. Nikapaka mafuta ya mashini, tone moja. Usipake mawese, itashika vumbi na kugandamana. Ninajua utapaka mawese. Usipake.

Yaya, sitaki kujisifu, lakini nilifanya vitu mingi mu hii maisha, na hakuna kitu nilitazama kama hii. Imefungwa inatoshea mu kiganja kama yai. Muti ya mupera imekuwa nyekundu kidogo, na mustari yake inapita kutoka kichwa mupaka mukia bila kukatika. Ile nusu-mwezi vidole vinaiona vyenyewe, ata mu giza. Unaweka gumba huku, jirani yake huku, unafinya kama unatoa mufupa ya samaki, unavuta. Haina haraka, haina kelele. Mwisho tu inasema ta, kidogo, kama mutu mukubwa anaweka fimbo chini akiketi.

Nikairudisha kwa Mama Zawadi kuionyesha, mikono imefungwa. Bale bamotard balikuwa pale pale, kazi yao ni kungojea. Nikatoa kisu mu mufuko mwenyewe, mbele yao, imefungwa. Nikafinya mara moja. Ikafunguka. Yule wa kwanza ku liste akasema polepole: «Koko, utanitengenezea ya babu yangu?»

Mama Zawadi akaichukua na ile mukono yake, akafungua, akafunga, akafungua. Akaiweka chini ku meza, hakunipa mu mukono. Ata huku banajua kwamba kisu haipite mukono kwa mukono. Akasema: «Kaka yako ana bahati.» Nikamuambia bahati ni yangu, na kwamba hakuna mupini ingine kama hii kutoka hapa mupaka ziwa. Akasema: «Hiyo pia.»

Kisha nikafungua ile kamba ya mupira ili nirudi nyumbani na mikono yangu. Zile tatu za kushoto zikanyooka. Za kuume mbili zikanyooka. Kile kidogo cha mwisho kikabaki kimelala ku kiganja. Nikasema damu haijarudi, ilifungwa sana. Nikakisugua. Nikakinyoosha na mukono ya kushoto, nikakiacha, kikarudi kulala. Mama Zawadi alikuwa anatazama. Nikamuambia: «Ni mukono ya kaka yangu, haijamaliza kutoka.»

Hakucheka. Akafungua ile sanduku ya bati, akatoa kisu ingine ya muti, akaiweka ku meza mbele yangu. «Ile mupini ya jembe ilikuwa ndefu, si ni vile?» akaniuliza. «Kipande haikubaki?»

Ilibaki.

Basi hii ndiyo maagizo yangu, na usibishe, mara hii mimi ndiye fundi. Dieudonné ataiweka chini, weye uokote mwenyewe, isipite mukono kwa mukono ikaja kukata neno kati yetu. Enda nyuma ya gala, pale pale ulipiga magoti, lakini mara hii uketi juu ya kinu ya zamani kama mutu mukubwa. Fungua, funga, mupaka vidole vijue njia bila weye. Mama Rosa akikuuliza, sema ngombe. Kisu ya baba uifunge mu kitambaa, ilale. Usiniambie kisu ya baba ndiyo kisu. Baba mwenyewe aliacha ya babu alipochoka kupigana nayo. Kisu inaruhusiwa kubadilika. Mukono ndiyo haibadilike.

Na siku ile bokilo bakikaa, usiharakishe. Toa, baone imefungwa. Mukubwa wao atakuwa anatazama ukucha yako, juu hakusahau. Uchaki atakuwa amesogeza mukono. Finya, vuta, acha iseme ta. Kisha umutazame yule muzee na useme neno moja ya kwako, mimi siwezi kukufundisha, hapo mwalimu ni weye.

Nisalimie Mama Rosa, mwenye alishika ile sahani bila kuiangusha. Nisalimie Neema, bibi-harusi, umuambie babu wa Bunia anakuja, barabara ikikubali, na kama haikubali nitakuja tu. Nisalimie dada yetu Anjela, mulinzi wa kaburi ya mama, na katekista wetu wa kapela, na muzee jirani mushona nyavu kama angali anabishana na macho yake. Nisalimie Uchaki pia kwa moyo wote. Yeye ni mutoto wa nyumba yetu. Mukono yake tu ndiyo ikae ku magoti.

Mimi nitaketi ku upande yako wa kuume. Ukisha kukata mbavu ya bajomba, shingo ya mudogo uikate kubwa, nimetoka mbali. Na kama katikati ya maneno ya bokilo unasikia kisu yangu, ya kile kipande yenye ilibaki, inasema ta kidogo mu mufuko yangu, usigeuke. Hakuna mutu mwingine atasikia. Ni mudogo wako anajifunza nyuma yako, vile siku zote. Kata polepole, Yaya. Mimi sina haraka.

Ndimi mudogo wako wa tumbo moja,
Petro Uvoya, fundi wa mipini, Bunia